Dondoo muhimu: Mbwa habadiliki kwa siku moja

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa, mbwa wa nyumbani ana majirani wazito: hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Akibweka usiku kucha, huenda amenusa fisi. Kumchapa humfunza jambo moja tu, kumwogopa mwenye fimbo.

Mafunzo yanahitaji subira, na mfano wake upo katika mkoa huo huo wa Morogoro. Mjini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Kazi hiyo huchukua takriban miezi tisa: mlio mdogo, kipande cha ndizi, kisha tena na tena. Na huyo ni panya tu!

Mbwa wa Kilosa anayekimbiza kuku hujifunza vivyo hivyo. Afungwe kamba ndefu, kuku wapite mbali. Akitulia, apewe dagaa papo hapo, si baada ya dakika tano. Kesho kuku wasogezwe kidogo.

Nyumba nzima ikubaliane. Baba akimkataza kuombaomba wakati wa mlo huku watoto wakimtupia ugali kwa siri, mbwa atawaamini watoto. Akianza kunyimwa, siku za mwanzo huzidisha kelele, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Subira ina mpaka, hata hivyo. Mbwa mpole akigeuka ghafla, akang'ata ovyo na kudondosha mate, huenda ni kichaa cha mbwa: asiguswe, aitwe daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akachanjwe hospitali siku hiyo hiyo.