Kabla Mtoto Hajasaini, Piga Hesabu

Mbio za shule bado zinalipa kama zilivyolipa mbio zote enzi za Wilson Kiprugut, aliyetoka Kericho akaleta shaba ya Olimpiki ya Tokyo 1964: medali, basi. Lakini binti wa Bomet aking'ara mita 5,000, simu huanza kulia. Mmoja anamtaka kambini, mwingine ana "skolashipu ya Marekani."

Anza na pesa za mbio za barabarani, maana ndizo zinazotia watu kiwewe. Sharon Lokedi aliposhinda Boston Marathon 2025, zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000. Toa kodi ya Marekani, asilimia 30 kwa mgeni. Toa ya wakala, kwa kawaida asilimia 15. Zinabaki 82,500, kocha na kambi bado hawajaguswa. Na huyo ni mshindi. Anayemaliza nje ya orodha ya zawadi hana hata nauli. Lokedi mwenyewe alipitia Chuo Kikuu cha Kansas kwanza.

Chuoni malipo ni karo, chumba na chakula, ila si lazima yote. Usiridhike na maneno ya kocha kwenye WhatsApp. Chuo kikishamkubali mtoto, hutoa fomu ya I-20. Isome: upande mmoja gharama za mwaka, upande wa pili nani analipa. Pengo la dola 8,000 ni zaidi ya shilingi milioni moja kila mwaka, na bonasi ya ekari moja ya chai haifiki hapo. Kisha uliza kwa maandishi: akiumia, ufadhili unaendelea?

Ni kweli tangu 2025 vyuo vikubwa vya Marekani vinaruhusiwa kulipa wanamichezo, ila nyingi ya pesa hizo huenda kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na viza ya mwanafunzi inabana kazi. Usiziweke kwenye hesabu.

Kama chuo bado kinawezekana, asisaini na wakala. Saini hiyo inaweza kumfungia mlango wa mbio za vyuo. Asikae kambini miaka akishindana pia, kwani misimu yake chuoni inaweza kupunguzwa.

Anayedai "ada ya kushughulikia" kwa M-Pesa, mkatie simu. Wazazi wa Uasin Gishu walilipia mpango wa masomo Finland, watoto wengi wakabaki nyumbani. Ada halali ipo: ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, unailipa mwenyewe mtandaoni kwa serikali ya Marekani, na risiti inatoka kwa jina la mtoto.