Uongozi wa Elimu au Misingi Yake?

*Bwana Mshauri, mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari ya serikali huku Kilwa, nina shahada ya kwanza ya ualimu na sasa nataka kusoma uzamili. Wenzangu wanasema nichukue uongozi na utawala wa elimu kwa kuwa ndiko kwenye cheo. Misingi ya elimu, wanasema, ni falsafa tupu isiyojaza chungu. Kinachonitaabisha kazini ni wazazi: mtoto akikosa chuoni, kwa maalimu wake wa Kurani, baba humwandama kwa bakora, lakini akikosa shuleni kwetu wiki nzima hapana aulizaye. Nimewaita vikaoni, nimewatisha kwa faini, wapi! Nisome nini, na wapi? — Makamu, Kilwa.*

Bwana Makamu, barua yako nimeisoma kwa makini, na naona kwamba swali uliloliuliza waziwazi ni dogo kuliko lile ulilolipitisha katikati ya maneno, kama mtu atajaye jambo la njiani.

Hilo la cheo tulimalize mapema. Shahada ya uongozi haimteui mtu kuwa mkuu wa shule. Uteuzi u mikononi mwa mamlaka husika, nayo hutazama mengi, shahada ikiwa mojawapo tu. Na ikiwa muradi wako ni kuendesha shule, yaani kupanga bajeti, kusimamia walimu na kuwapokea wathibiti ubora bila kutetemeka, basi wala uzamili hauhitajiki, maana Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo hutoa stashahada kwa kazi hiyohiyo.

Ama huyo baba mwenye bakora, bajeti haitamfasiri. Pwani yenu ilikuwa na vyuo vya Kurani, na watu waliosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, karne nyingi kabla Mjerumani hajafungua skuli yake ya serikali mjini Tanga, ambayo shabaha yake ilikuwa kupata makarani na maakida wa kumtumikia, wala si kuwalea watoto katika mila ya wazee wao. Akaja Mwingereza, na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ikahimiza elimu iafikiane na maisha ya vijijini. Mwalimu Nyerere naye, katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967, akaishutumu shule kwa kumtenga mtoto na jamii yake. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Katika zama zote hizo shule ilimteremkia mzazi kutoka juu, hali chuo kilibaki chake mwenyewe, maadamu maalimu anamjua, na ada yake humpa kwa mkono wake. Kuyachunguza hayo kwa historia, falsafa na sosholojia ndiko kunakoitwa misingi ya elimu, na wanaoyadharau aghalabu ni wale wasiopata kujiuliza mwanafunzi wao kapotelea wapi.

Basi ushauri wangu ni huu. Ukipata ruhusa ya kutoka kazini, nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako misingi na menejimenti ya elimu vimekaa katika idara moja, hata aliyejiandikisha kwa menejimenti na utawala hukaa jirani na wanafalsafa na wanahistoria wa elimu, na akitaka atawafaidi. Usipoipata, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa hali yako, kina uzamili wa utawala, mipango na sera za elimu, nawe utaendelea kufundisha. Lakini Huria humtaka mtu wa nidhamu kali, asomaye usiku bighairi ya kusimamiwa; mitihani wengi huivuka, tasnifu ikawakwamisha. Wewe tasnifu yako unayo tayari, na laiti wanafunzi wote wa uzamili wangekuwa na swali lililoiva kama lako! Jiandikishe kwa jina lolote la shahada litakalowaridhisha wenzako, ila utafiti wako uwe juu ya wazazi hao na maalimu wao, na wa kwanza kuhojiwa awe maalimu, si afisa elimu.

Mkopo wa serikali usiutegemee sana, kwani aghalabu huelekezwa kwa wasomao shahada ya kwanza. Na ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wako wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada.