Kufundisha Familia ya Wageni Kiswahili: Mafunzo Niliyopata

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, vijana wengi waliosomea Kiswahili wananijia kuuliza namna ya kuingia katika kazi ya kufundisha wageni. Kazi hii nimeifanya hapa Morogoro hadi mvi zimenitoka. Sarufi mnayo, na wengine mnanishinda. Ninachoweza kuwapa ni yale niliyojifunza majumbani kwa watu, hasa mgeni anapokuja na mwenzi wake na watoto.

1. Anayeshinda nyumbani ndiye mwanafunzi wa kwanza

Daktari mmoja alikuja na mkewe na watoto wao kutoka Ujerumani. Mwajiri alilipia masomo ya daktari peke yake. Baada ya miezi michache daktari anasoma gazeti, lakini mkewe hawezi hata kumuuliza muuza maji bei ya dumu. Hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa anashinda ndani bila mtu wa kuzungumza naye.

Niliomba baadhi ya vipindi vihamie jikoni kwao. Mama yule akakalia mbuzi, akakuna nazi. Akakamua tui zito akaliweka kando, akaongeza maji akakamua tui jepesi, akalipikia maharage. Mwishoni likaingia tui zito, huku akikoroga bila kupumzika lisije likakatika. Kila hatua niliitamka, naye akairudia mkono ukiwa kazini: “Likichemka, punguza moto. Ukishatia tui, usiache kukoroga.” Viambishi vilivyomtesa ubaoni vilimwingia palepale jikoni.

Basi kabla ya kupanga masomo, ijue kwanza ratiba ya nyumba. Uliza nani anafungua mlango mchana, nani anapika, nani anapeleka watoto shule. Mpango wa masomo utokane na majibu hayo.

2. Mtoto akinyamaza, mwacheni asikilize

Familia nyingine ilikuwa na mtoto wa miaka mitano. Kila jioni alikuwa uani na watoto wa jirani wakicheza gololi na kombolela, lakini neno la Kiswahili halimtoki. Wazazi wakaingiwa na hofu, wakataka nimpe vipindi vyake. Nikawasihi wasubiri. Jioni moja tukasikia mtu anafoka huko nje: “Umechungulia! Hesabu tena!” Ni yeye, na kwa lafudhi ileile ya watoto wa Kihonda, hapa Morogoro. Nilishangaa, maana sentensi zilikuja nzimanzima, upatanisho wa ngeli ukiwa sawasawa, na hakuna aliyemfundisha.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Wazazi wakaona wamepata mkalimani. Akija fundi bomba, mtoto anaitwa. Akija mgeni mlangoni, mtoto anaitwa. Fundi, mtu mzima, akawa anapatana bei na mtoto, na wazazi wakasimama palepale walipokuwa. Nikawaambia waziwazi: mtoto acheze, mambo ya watu wazima myaseme wenyewe, hata kwa kigugumizi. Walipokubali, walianza kusonga mbele.

3. Muuzaji mmoja anafundisha kuliko soko zima

Walimu wengi huwazungusha wageni sokoni na orodha ya vitu mkononi. Kila meza salamu inaanza upya, bei inatajwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi humchagulia mwanafunzi mama mmoja wa mboga katika soko la Chifu Kingalu, nikamwomba muuzaji asimbadilishie lugha.

Wiki ya kwanza ni salamu, mafungu mawili ya nyanya na bamia. Wiki zinazofuata wanaulizana hali za watoto, wanazungumzia mvua ya Uluguru na magari ya mboga yaliyochelewa kutoka Mgeta. Mwanafunzi wangu mmoja alifurahi zaidi siku alipoongezewa nyanya juu ya fungu kuliko siku aliyofaulu mtihani wangu, na alikuwa na haki. Muuzaji anayekujua anakumbuka neno lililokushinda wiki iliyopita, na anakungoja ulitamke.

4. Homa haisubiri somo la mwisho

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai mwaka uleule Rosine alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na kichanga wao hakuchukua siku nyingi naye akafariki. Kamusi ya Krapf ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, tunaitaja mara kwa mara. Kaburi la mama yule na mwanawe tunalisahau. Mimi nalikumbuka kila familia mpya inapofika.

Mama mmoja alinipigia simu usiku, mtoto ana homa kali. Kwenye zahanati muuguzi alikuwa amemuuliza homa imeanza lini, mtoto anatapika, anakojoa? Yeye kwa woga akaitikia “ndiyo” kila swali. Tangu usiku ule, wiki yangu ya kwanza ni viungo vya mwili, kutapika, kuharisha, tangu jana, tangu juzi. Maneno ya uwanja wa ndege yatakuja baadaye.

Kesho yake majirani walikuja kumjulia hali mgonjwa, wamebeba machungwa na uji kwenye chupa ya chai. Mama akaniuliza kwa kunong’ona awaambie nini. Nikamwambia awakaribishe, awashukuru, akae nao. Akakaa. Tangu hapo majirani wakaacha kumwita mzungu, wakamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na pale kibarazani akapata walimu ambao mimi nisingeweza kumlipia.

Vijana, kazi hii ipo na inawahitaji. Mkipewa familia, msikubali mkataba wa mtu mmoja kama mna nafasi ya kuomba vipindi vya nyumba nzima. Elezeni waajiri sababu, wapelekeni wanafunzi wenu kwa majirani, na mwombeni jirani awe na subira. Lugha ikiingia nyumba nzima, familia inakaa.