Mwanafunzi wa Kiswahili Jukwaani: Mafunzo ya Uigizaji katika Ukanda wa Ruiru na Thika

Utangulizi

Tamthilia ni utanzu wa pekee katika fasihi andishi kwa kuwa mwandishi wake haikamilishi kazi yake mwenyewe. Riwaya ikishachapishwa haimhitaji mtu mwingine ila msomaji. Tamthilia humhitaji mwelekezi, waigizaji, fundi wa maleba, fundi wa taa, msimamizi wa jukwaa na, zaidi ya wote, hadhira. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya Kiswahili nchini Kenya tamthilia husomwa kama riwaya iliyoondolewa msimulizi. Mwanafunzi huulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Ni nadra kuulizwa mhusika anaingia kupitia wapi, ameshika nini, na kwa nini ananyamaza.

Makala haya yanachunguza ufundi wa uigizaji na wa jukwaa unavyofundishwa vyuoni, na yanashikilia kwamba ufundi huo ni sehemu ya usomaji wa tamthilia wala si pambo la kuongezwa baadaye. Mfano unachukuliwa kutoka ukanda unaofuata barabara ya Thika, kutoka Kahawa kupitia Ruiru hadi mji wa Thika. Ukanda huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho kilianzia katika kambi ya jeshi la Waingereza iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Hapo ndipo walipofundisha watunzi wa tamthilia kama Francis Imbuga, aliyefariki mwaka 2012, na David Mulwa. Aidha, chuo hicho kimeandaa walimu wengi wa shule za sekondari, yaani watu watakaowafundisha wengine tamthilia. Sababu ya pili ni viwanda. Nguo, mafuta ya kupikia na mananasi ya mkebe hutoka Thika, na wafanyakazi wake wametoka pembe zote za nchi. Watu hao wanapokutana langoni asubuhi, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hadhira ya tamthilia ya Kiswahili, basi, ipo kilomita chache tu kutoka chuoni.

Mwili Kabla ya Maneno

Mwanafunzi anayejiunga na kozi ya uigizaji aghalabu huwa ameshapanda jukwaani. Tamasha za drama za shule nchini Kenya zilianza mwaka 1959, na zimekuwa chuo cha kwanza cha waigizaji wengi. Zimewafunza ujasiri na nidhamu ya mazoezi. Zimewafunza pia tabia ambayo mhadhiri hutumia muhula mzima kuiondoa: kusimama katikati, kuitazama hadhira moja kwa moja, kuinua mkono kwa kila neno zito na kupaza sauti kila panapohitajika hisia. Tabia hii ina chanzo chake. Katika mashindano, kundi lina dakika chache za kumvutia mwamuzi, na sauti kubwa hufika upesi kuliko fikra.

Kwa hiyo masomo ya mwanzo huwa hayana maneno. Mwanafunzi huambiwa aingie chumbani, akae, asubiri mtu ambaye huenda asije. Zoezi hili huonekana rahisi mpaka linapojaribiwa. Anayesubiri kwa kweli hafanyi mengi. Anayeigiza kusubiri huangalia saa mara tano, hukuna kichwa na kuvuta pumzi kwa nguvu. Tofauti baina ya hao wawili ndiyo msingi wa kozi nzima. Konstantin Stanislavski, mwalimu Mrusi aliyeishi kati ya mwaka 1863 na 1938, aliwataka waigizaji wake wajiulize wangefanya nini kama wangekuwa katika hali ya mhusika. Swali lake linaingia katika Kiswahili bila taabu, kwa kuwa lugha hii imeliwekea kiambishi: -nge-. Mwanafunzi wa sarufi hukifahamu kama kiambishi cha masharti. Mwigizaji hukitumia kama mlango: ningekuwa mke wa mtu aliyejifungia ndani siku kadhaa, ningemletea jirani kiti au ningemzuia mlangoni?

Baada ya mwili kuja jukwaa lenyewe. Mwanafunzi hujifunza kuligawa katika sehemu tisa, na kukumbuka kwamba kulia na kushoto ni kwa mwigizaji anayeielekea hadhira. Hujifunza kwamba anayesonga mbele hupata nguvu, anayesimama kando hutiliwa shaka, na anayeketi wakati wengine wamesimama anaweza kuwa mfalme au mfungwa kutegemea anavyotazamwa. Haya hufundishika kwa wiki chache na hayahitaji maelezo marefu hapa. Jambo la kuzingatia ni kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa ajili ya jukwaa lenye pazia na upande mmoja wa hadhira. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huchezwa katikati ya duara, na katika duara hakuna nyuma ya jukwaa: mgongo wa mwigizaji nao huonekana, kwa hivyo nao hauna budi kusema kitu.

Sauti na Muundo wa Kiswahili

Vitabu vingi vya mafunzo ya sauti vinavyotumika vyuoni vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya Kiingereza. Onyo mojawapo linalorudiwa ni kwamba mwigizaji asiiache sauti ife mwishoni mwa sentensi, maana huko ndiko liliko neno zito. Onyo hilo ni sahihi, lakini katika Kiswahili ni nusu ya kweli. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wake mwanzoni: nafsi, ukanushi na wakati hutangulia mzizi. Mwigizaji akimeza silabi ya kwanza ya "hatukubali", hadhira itasikia "tukubali", na mgomo utageuka kuwa maafikiano. Mwishoni nako kuna hatari yake. "Tunaondoka" na "tuondoke" si kauli moja. Ya kwanza ni taarifa, ya pili ni wito, na irabu ya mwisho ndiyo inayosaidia kuzipambanua. Mwigizaji wa Kiswahili analazimika kulinda ncha zote mbili za neno, huku mkazo ukibaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Zoezi linalofaa ni la pumzi. Mwanafunzi huchukua kitenzi kirefu, tuseme "hawakuwasikilizisha", akakitamka kwa pumzi moja akiwa ametulia, kisha akitembea, kisha akiinua kiti. Silabi inayopotea anapoinua kiti ndiyo itakayopotea siku ya onyesho. Kwa anayetarajia kuigiza nje, karibu na barabara au karakana, zoezi hili si la mapambo. Mngurumo wa matatu haumsubiri mtu amalize kukanusha.

Suala la lafudhi ni gumu zaidi. Baadhi ya tamthilia zinazosomwa Kenya ziliandikwa na watunzi wa Tanzania Bara na Zanzibar, na mwanafunzi aliyelelewa Gatundu au Machakos huingia katika sentensi zao kama mgeni. Wapo wanaoiga lafudhi ya pwani kwa uangalifu kiasi cha kusahau wanachosema. Wapo wanaokimbilia upande wa pili: lafudhi ya kabila fulani hutiwa chumvi ili watu wacheke. Kicheko hicho ni cha bei rahisi, na mhusika akishachekewa ulimi hana tena nafasi ya kusikilizwa fikra. Hata hivyo, lafudhi si lazima iwe dhihaka. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchini kote kama Mzee Ojwang' katika kipindi cha Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo kwa miaka mingi, na watazamaji wengi hawakulijua hilo. Hakuwa akichokoza ulimi wa jirani, alikuwa ameusikiliza. Mwanafunzi anayeishi Thika, ambako nyumba kumi za kupanga zinaweza kuwa na lugha mama tano, ana maktaba ya lafudhi nje ya mlango wake.

Mto Usioonekana

Ili kuonyesha jinsi ufundi wa jukwaa unavyobadilisha usomaji, tuitazame Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo Kinjeketile huingia mtoni, watu humsubiri ukingoni kwa hofu, kisha hutokeza akiwa na ujumbe wa maji. Msomaji huupita mto huo kwa sekunde moja; mandhari ni Rufiji, basi. Mwelekezi hawezi kuupita. Je, mto uko wapi?

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutaka kitambaa cha buluu. Kitambaa hicho huuweka mto jukwaani na kuulazimisha Kinjeketile alale chini yake mbele ya watu wote, na hapo miujiza huisha. Njia nyingine ni kuuweka mto nje ya jukwaa, upande mmoja, na kuwaachia wanaosubiri waujenge kwa macho. Watu wanane wakilitazama eneo moja kwa wakati mmoja, kwa urefu mmoja wa macho, hadhira itaona maji. Akitokea mmoja anayetazama chini kidogo kuliko wenzake, mto utakauka. Tatizo hili la kiufundi humfikisha mwanafunzi kwenye kiini cha tamthilia bila kuambiwa. Katika njia hii, nguvu ya maji haimo ndani ya maji. Imo katika watu wanaoyatazama pamoja. Insha ya kurasa kumi kuhusu imani na umoja katika Kinjeketile yaweza kusema hivyo pia, lakini aliyesimama ukingoni pamoja na wenzake saba analijua jambo hilo kwa shingo yake.

Mashetani (1971) ya mtunzi huyohuyo ina mtego wa aina nyingine. Vijana wawili huigiza mchezo ndani ya mchezo, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu. Mwigizaji hana budi kumwigiza kijana anayeigiza, na hadhira ione ngazi zote mbili. Kijana huyo ni mwigizaji mzuri au mbaya? Kitabu hakimwamulii mwelekezi. Ni lazima aamue mwenyewe kabla ya mazoezi.

Funzo la Kamĩrĩĩthũ

Hadi hapa mwalimu ni mhadhiri. Katika Kaunti hiyohiyo ya Kiambu, upande wa Limuru, kulitokea jambo lililogeuza uhusiano huo. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii na kuelekezwa na Kimani Gecau. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, na kila aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusahihisha. Wazee waliwasahihisha waandishi kuhusu jinsi mtu wa umri fulani anavyosema na jinsi mazungumzo ya posa yanavyoendeshwa. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata alimweleza Ngũgĩ kwa hesabu jinsi thamani ya viatu vya siku moja inavyolingana na mishahara ya mwezi mzima. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kuketisha watu wapatao 2,000. Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali kikaondolewa tarehe 16 Novemba, Ngũgĩ akakamatwa mwishoni mwa mwaka, na ukumbi wenyewe ukabomolewa Machi 1982.

Tukio hili husimuliwa sana kama habari ya siasa, na ni haki lisimuliwe hivyo. Linapaswa pia kusimuliwa kama habari ya mafunzo ya uigizaji. Kamĩrĩĩthũ ilionyesha kwamba anayejua kushika jembe ana elimu ya mwili ambayo mwanafunzi huitafuta kwa mazoezi ya miezi. Mwigizaji wa chuo anayemwigiza mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huchoka kwa uso. Aliyesimama kwenye mashine saa nane huchoka kwa visigino na kiuno, na uso wake huenda ukawa umetulia kabisa.

Kamĩrĩĩthũ ilitumia Kikuyu kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya kijiji. Katika mitaa ya viwanda ya Thika na Ruiru, kwa mantiki ileile, kazi hiyo inakiangukia Kiswahili. Mfano wa kuwaendea watu upo tangu mwaka 1965, Makerere ilipoanzisha kundi la maonyesho ya kusafiri, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1974. Kenyatta nacho kimewahi kuwa na kundi lake. Kinachohitajika kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kidogo kuliko anavyodhani. Mapumziko ya mchana kiwandani ni mafupi, kwa hivyo onyesho lisizidi dakika ishirini. Taa hazihitajiki saa saba mchana. Hadhira italizunguka kundi, hivyo mpangilio wa duara utumike tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Maleba yawe leso na koti, vifaa viwe kigoda na kikapu, na baada ya onyesho waigizaji wabaki ili wasahihishwe. Sehemu ya mwanzo ya Kinjeketile, ambamo wanawake wawili wanazungumzia chakula kilichopungua, ingetosha kuanzia.