Mlio, Mwaliko na Mkwaruzo: Lugha ya Kutambua Hitilafu ya Redio ya Gari kati ya Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Dereva anayetoka Kitengela kuelekea Kajiado mjini kupitia Isinya huenda akafika bila kukumbuka wimbo hata mmoja, kwa kuwa nyuma ya kila wimbo palikuwa na sauti nyingine isiyotakiwa. Akifika kwa fundi husema: "Redio ina kelele." Neno hilo pekee halimsaidii fundi. Matokeo yake vifaa hubadilishwa kimoja baada ya kingine, na gharama humwangukia mwenye gari. Makala haya yanadai kwamba nusu ya kazi ya kutambua hitilafu hii ni kuitaja sauti kwa jina lake, na kwamba majina hayo Kiswahili kinayo tayari.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo hujishughulisha na sauti iliyozidi kiasi. Fundi wa redio hujishughulisha na asili ya sauti, hata iwe ndogo kiasi cha kutosikika nje ya gari.

Sauti zinazofuata injini

Mlio mwembamba unaopanda dereva anapokanyaga mafuta, na kushuka anapoachia, chanzo chake ni alteneta. Hata hivyo, alteneta yenyewe mara nyingi haina kosa. Redio iliyo mbele huwa imeunganishwa na bodi ya gari mahali pamoja, na kikuza sauti kilicho nyuma mahali pengine. Umeme unapopita katika chuma cha bodi, volteji ya sehemu hizo mbili haiwi sawa kabisa. Tofauti hiyo ndogo huingia katika nyaya zinazobeba muziki, na spika huitoa kama mlio. Hivyo basi, kabla ya kununua kichujio, fundi hana budi kuufungua waya wa ardhi, kukwaruza rangi na kutu hadi chuma king'ae, kisha kuukaza upya. Ikiwezekana, vyombo vyote viwili viunganishwe mahali pamoja. Aidha, waya mnene wa betri upitishwe upande mmoja wa gari na nyaya za muziki upande wa pili.

Mwaliko ni jambo jingine. Wengi hulifahamu neno hili kwa maana ya wito wa karamu, lakini pia ni sauti ya kitu kinachoalika, kama vidole vinapoalishwa. Mwaliko unaoongeza kasi pamoja na injini hutokana na cheche za plagi au nyaya zake zilizochakaa. Gari la dizeli halina plagi za cheche. Dereva wa gari hilo akilalamikia mwaliko, fundi atafute kwingine.

Sauti zisizofuata injini

Sauti kama manyunyu juu ya bati, isiyobadilika hata injini ikizimwa, kwa kawaida huonyesha kwamba kikuza sauti kimefunguliwa kupita kiasi. Mpigo wa ghafla wa ti-ti-ti, muda mfupi kabla ya simu kuita, ni wa simu iliyowekwa karibu na redio. Simu isogezwe, basi.

Mkwaruzo ndio unaowapoteza wengi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yanavyoona: vilima na umbali huyazuia. Kituo kinachorushwa kutoka upande wa Nairobi chaweza kusikika safi Kitengela na kuanza kukwaruza baada ya Isinya, ilhali gari ni zima kabisa. Kipimo chake ni rahisi. Dereva aache redio na kupiga muziki kutoka kwenye kinyonyi cha kumbukumbu. Mkwaruzo ukitoweka, chanzo ni mawimbi au antena. Sauti ikibaki ile ile kutoka Kitengela hadi Kajiado, hitilafu imo garini.

Hapo kipimo cha pili hufuata: sauti ya redio ishushwe hadi sifuri. Kelele ikinyamaza pamoja na muziki, inatoka kwenye redio au kabla yake. Ikiendelea, fundi aanzie kwenye nyaya ziendazo kwa kikuza sauti.