Kuondoa Uvimbe au Titi Lote: Uamuzi wa Mgonjwa

Mwanamke wa Mugeta, wilayani Bunda, anapogunduliwa kuwa na saratani ya titi katika hatua ya awali, mara nyingi huwa na njia mbili za upasuaji: kuondolewa uvimbe pekee na kisha kupata tiba ya mionzi, au kuondolewa titi lote.

Wengi hudhani kuwa kuondoa titi lote huongeza miaka ya kuishi. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Bernard Fisher, ambao matokeo yake ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002, haukuona tofauti hiyo. Hata hivyo, saratani ilirudi katika titi lililobakizwa kwa takriban asilimia 39 ya wagonjwa wasiopata mionzi, na asilimia 14 ya waliopata.

Hivyo, anayechagua kubakiza titi amechagua pia mionzi. Tiba hiyo hutolewa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi tano. Mhudumu wa afya aulize kabla ya upasuaji: mgonjwa atafikia wapi, nauli itatoka wapi, na watoto watabaki na nani?

Asiyeweza kukamilisha mionzi hushauriwa kuondolewa titi lote, ingawa saratani ikiwa imefika kwenye tezi za kwapani, mionzi huweza kuhitajika hata hivyo. Wiki moja au mbili za kushauriana na familia hazina madhara. Kuahirisha kwa miezi ndiko huipa saratani nafasi ya kuenea.