SAMLI YA KHALIFA

Msomaji wetu, ukiulizwa kwa nini kiongozi ajinyime wakati wa dhiki, usikimbilie kujibu kwamba ni kwa ajili ya kuokoa fedha. Jibu hilo lina udhaifu, na wenye magari makubwa waujua: watakwambia kwamba posho zao ni tone tu mbele ya deni la nchi, na kuziondoa hakutalilipa. Katika hilo wasema kweli, ila silo waliloulizwa.

Mwaka wa 18 wa Hijra (639 ya miladi) Hijazi ilishikwa na ukame hata upepo ukawa warusha vumbi mfano wa jivu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jivu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliapa kutoonja samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate nafuu, akawa ala mafuta hata tumbo likinguruma. Mtumishi wake alipomnunulia samli na maziwa kwa dirhamu 40, aliamrisha vitolewe sadaka, akauliza vipi atashughulishwa na hali ya raia ikiwa yeye hayamfiki yaliyowafika wao.

Samli ile haikuweza kuushibisha mji wa Madina. Ulioushibisha ni msafara wa nafaka aliouagiza kutoka Sham. Na mwenye njaa ndiye auhimizaye msafara.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 2024 Serikali ya Kenya ilipeleka Bungeni mswada wa fedha uliokusudia kukusanya kiasi cha shilingi bilioni 346 zaidi. Ndani yake mlikuwa na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia. (Khalifa alikimbilia mafuta kwa kuwa ndiyo chakula cha mnyonge, huku kwetu mnyonge alifuatwa mpaka humo kikaangoni.) Hizo mbili ziliondolewa Juni 18 kwa malalamiko ya wananchi. Mswada ukapitishwa Juni 25, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Ndipo Julai 5 akatangaza kwamba ununuzi wa magari mapya ya serikali usimamishwe miezi 12, isipokuwa ya vyombo vya usalama, washauri wapunguzwe nusu, na fungu la ofisi ya mkewe na la ofisi ya mke wa naibu wake yafutwe.

Swali letu ni la tarehe. Lililowezekana Julai 5 lilizuiwa na nini kabla mkate haujaguswa? Mtu ambaye gari lake, petroli na dereva hulipiwa na hazina, bei zikipanda huzisoma gazetini. Basi akitafuta pa kukata, mkono wake hauendi kwenye gari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yataka raia washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya kaunti yako yaletwapo barazani, nenda. Fungua kwanza ukurasa wa safari za nje, wa magari na wa ukarimu wa wageni, kabla ya ule wa barabara. Uulize kila kimoja kimeongezeka au kimepungua tangu mwaka uliopita, na utake jibu liandikwe.